KOFIA NGUMU YA PIKIPIKI: TAYA LISILOFUNUKA AU TAYA LA KUFUNUKA?

Katika likizo ya mwezi wa Juni niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu. Aliyeniuliza ni kaka yangu, ambaye daftari zangu, sabuni yangu na nauli yangu ya kuja shuleni hapa hutoka katika kazi yake ya bodaboda mjini Morogoro. Aliniita uani baada ya chakula cha jioni, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe unasoma Fizikia. Nimedunduliza fedha za kununua helmeti mpya. Dukani ziko za namna mbili: moja taya lake limeshikamana na kofia yenyewe, na nyingine taya lake hufunuka juu kama kifuniko. Niambie, ninunue ipi?"

Nilinyamaza. Alama zangu za Fizikia si mbaya, lakini hazikunisaidia hata kidogo mbele ya swali lile.

Wala halikuwa swali la kupitisha wakati. Mwezi wa Aprili, wakati wa masika, kaka alikuwa akirudi kutoka kumpeleka abiria mahali pa karibu, barabara ikiwa imelowa. Alifunga breki ghafula ili akwepe shimo lililojaa maji, gurudumu la mbele likateleza, naye akaanguka kifudifudi. Kidevu chake kikagonga jiwe la ukingo wa barabara. Siku hiyo alivaa helmeti ya wazi, ile inayofunika kichwa na masikio tu. Fuvu lilisalimika, wala hakuzimia, lakini taya lilivunjika mahali pawili. Daktari alilifunga kwa waya, na kwa muda wa majuma sita kaka aliishi kwa uji wa kunywa kwa mrija. Pikipiki yenyewe ni ya mkataba, na hesabu ya kila siku haimngoji mtu apone. Mama aliuza mahindi tuliyoweka akiba ili mwenye pikipiki asije akaichukua. Kwa hiyo kaka alipouliza habari ya helmeti, nilijua kwamba anauliza habari ya taya lake, na ya chakula cha nyumbani, na ya masomo yangu pia.

Nilimwomba anipe muda. Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye naye huja kazini kwa pikipiki, naye akanielekeza mambo ya kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza, na nimeona heri niyaandike hapa, maana ni wachache kati yetu ambao nyumbani kwao hakuna mtu apandaye pikipiki.

KOFIA HIZI ZILITOKA WAPI

Mwaka 1935 mwandishi na mwanajeshi wa Kiingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki yake huko Dorset, akafa baada ya siku sita kwa majeraha ya kichwa. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Miongoni mwa madaktari waliomwangalia alikuwamo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia. Bwana huyu hakuridhika kusikitika tu. Alianza kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akatoa maandishi yaliyoonyesha kwamba kofia ngumu huokoa maisha. Jeshi la Uingereza likawaamuru wapelekaji habari wake wa pikipiki wazivae, na mwaka 1973 sheria ya kuzivaa ikawafikia waendesha pikipiki wote wa huko.

Kofia za mwanzo zilifunika utosi tu, baadaye zikashuka hadi masikioni. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bell ya Marekani ilitengeneza kofia iliyofunika uso wote, yenye taya gumu mbele ya kidevu na dirisha la kuonea. Mwaka 1981 kampuni ya BMW ya Ujerumani ikatoa kofia ambayo taya lake lina bawaba masikioni, nalo huweza kufunuliwa juu ya paji la uso na kufungwa tena kwa komeo. Hizo ndizo namna mbili alizoziona kaka dukani.

KOFIA HULINDAJE KICHWA

Watu wengi hudhani kwamba kofia hulinda kwa kuwa ni ngumu. Hivyo ni nusu tu ya kweli. Gamba la nje huzuia kitu chenye ncha kisipenye, na kulieneza pigo mahali papana. Lakini kazi kubwa hufanywa na povu gumu lililo ndani, jeupe mara nyingi, mfano wa lile linalofungia televisheni katika sanduku. Povu hilo hubonyea, na katika kubonyea kwake hukipa kichwa nafasi ya kusimama polepole.

Tufanye hesabu ndogo. Kichwa cha mtu aliyeketi juu ya pikipiki kiko kama mita 1.5 juu ya ardhi. Kikianguka kutoka kimo hicho, mraba wa mwendo wake kinapofika chini ni:

2 × 9.8 × 1.5 = 29.4

Kipeuo cha pili cha hesabu hiyo ni karibu 5.4. Basi kichwa hugonga ardhi kwa mwendo wa mita 5.4 kwa sekunde, ndiyo kusema kilomita 19 na zaidi kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama pale pale. Asemaye "Mimi naendesha polepole, sihitaji kofia" na aitazame hesabu hiyo mara mbili.

Sasa kichwa hicho sharti kisimame. Tuseme kinapunguza mwendo sawasawa mpaka kinaposimama. Ukigawanya kimo cha kuanguka kwa umbali wa kusimamia, utapata nguvu ya pigo ni mara ngapi ya uzito wa kichwa chenyewe. Kichwa kitupu kikigonga lami hakina nafasi. Tuseme kinasimama katika milimita 3, yaani mita 0.003:

1.5 ÷ 0.003 = mara 500

Lakini kikiwa ndani ya kofia, na povu likabonyea kwa milimita 30, yaani mita 0.03:

1.5 ÷ 0.03 = mara 50

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Basi pigo la kwanza ni kama uzito wa kilo 2,500, na la pili ni kama kilo 250. Lote hilo limeletwa na povu la unene wa vidole viwili. Kiwango cha Ulaya cha kupima kofia, kinachoitwa ECE 22, kinataka kofia ipigwe kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, na kichwa cha bandia kilichomo ndani kisipate pigo lizidilo mara 275.

Hesabu hii haikuhesabu mwendo wa mbele wa pikipiki, ambao mara nyingi huishia katika kuteleza juu ya barabara. Tena mtu akigonga ukuta au gari mambo huwa mabaya zaidi. Lakini jambo lililo kubwa limeonekana: kofia hutupa sentimita chache za kusimamia, na uhai huwa katika sentimita hizo. Mwaka 2008 wachunguzi waliokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali walikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

HABARI YA KIDEVU

Helmeti ya wazi aliyovaa kaka ilikuwa na povu lake kichwani, nalo lilifanya kazi yake vema. Lakini mbele ya kidevu hapakuwa na kitu. Je, ilikuwa bahati mbaya tu kwamba alianguka kwa kidevu? Sivyo. Bwana Dietmar Otte wa Ujerumani alichunguza kofia za watu waliopata ajali, akaandika kila pigo liliangukia wapi. Karibu theluthi moja ya mapigo yaliangukia sehemu ya kidevu. Na kwa kweli ni jambo la kutazamiwa, maana mtu akitupwa mbele, uso ndio unaotangulia.

Kwa hiyo neno la kwanza nililompatia kaka ni hili: helmeti ya wazi tuiache kabisa. Neno la pili ndilo lililokuwa gumu.

KUZILINGANISHA KOFIA MBILI

Helmeti ya taya lisilofunuka imetengenezwa kwa gamba moja. Haina bawaba wala komeo, hivyo hakuna cha kulegea wala cha kusahauliwa. Mara nyingi ni nyepesi kuliko mwenzake, na shingo ya mtu anayeivaa mchana kutwa huitambua tofauti hiyo. Kwa ubora ulio sawa, bei yake huwa ndogo. Ubaya wake ni kwamba huvaliwa kwa kuvutwa kichwani, miwani sharti ivuliwe kwanza, na huwezi kunywa maji wala kula ukiwa umeivaa.

Helmeti ya taya la kufunuka huvaliwa kwa urahisi hata na mwenye miwani. Ukisimama, hufunua taya, ukanywa maji, ukazungumza na mtu akakuona uso. Lakini ina vyuma vya ziada, kwa hiyo ni nzito zaidi na ni ghali zaidi, na upepo hupata njia nyingi za kupigia kelele. Jambo lililo kubwa kuliko yote ni komeo lake. Serikali ya Uingereza ina mpango wa kupima kofia uitwao SHARP, ulioanza mwaka 2007. Kofia hupewa nyota, kutoka 1 hadi 5. Na kwa kofia za kufunuka hutangazwa pia taya lilibaki limefungwa katika sehemu gani ya mapigo, maana si makomeo yote yanayostahimili. Komeo la chuma ni la kutumainiwa kuliko la plastiki.

Zaidi ya hayo, mwalimu alinionyesha alama zilizo katika kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye ukanda wa kidevuni wa helmeti yake. Kofia iliyopimwa kwa kiwango cha ECE huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoipitisha, kisha namba ndefu inayoanza kwa 05 au 06, kuonyesha toleo la kiwango hicho. Baada yake hufuata herufi. Herufi P maana yake taya la kofia limepimwa nalo hulinda. Herufi J maana yake kofia imepitishwa kama kofia ya wazi. Herufi NP maana yake lipo taya, lakini halilindi, ni pambo tu. Baadhi ya kofia za kufunuka huandikwa P/J, yaani zimepimwa kwa namna zote mbili, taya likiwa limefungwa na likiwa limefunuliwa.

Hapo watu wengi hukosea. Herufi J haisemi kwamba kidevu kinalindwa taya likiwa juu. Inasema tu kwamba kofia hiyo, ikiwa imefunuliwa, si mbaya kuliko helmeti ya wazi. Na helmeti ya wazi ndiyo iliyompa kaka uji wa majuma sita. Kwa maneno mengine, taya la kufunuka hulinda likiwa limefungwa tu.

JAWABU LILIPATIKANAJE

Mwezi wa Agosti, siku ya wazazi, kaka alikuja kunitazama. Baada ya kuamkiana tuliketi chini ya mwembe, nikamfungulia daftari langu, nikamwonyesha hesabu zote, kisha nikamwambia kwa fahari, "Kaka, nunua ya taya lisilofunuka."

Sikutazamia jibu lake. Alisema, "Mdogo wangu, hesabu yako ni nzuri, lakini haijapata kukaa kijiweni saa saba za mchana mwezi wa Januari. Abiria ananiuliza bei, hasikii ninavyomjibu. Usiku watu humwogopa dereva asiyeonekana uso. Nikipata kiu, nivue kofia nzima. Nitachoka, na nikichoka nitaitundika kwenye usukani, nayo ikitundikwa kwenye usukani hainilindi kitu."

Niliona kwamba amesema kweli. Kofia iliyo bora kabisa katika vitabu, ikiwa haivaliwi, haina faida. Nikafunga daftari, nikakiri kwamba nilisoma habari za kofia na kuisahau kazi ya mvaaji.

Kisha nikamwuliza, "Kaka, kwa siku moja husimama mara ngapi kuchukua abiria au kumshusha?"

Akahesabu kwa vidole, akasema hazipungui mara 30.

"Je, ukiwa na ile ya kufunuka, kila mara utaifunga kabla ya kuondoka?"

Alicheka, kisha akanyamaza kitambo. Akasema, "Nisikudanganye. Mara ya kwanza nitaifunga, na ya pili. Ya kumi nitaiacha wazi, maana nitasema ninakokwenda ni hapo karibu."

Sikumwambia neno, yeye mwenyewe alikuwa amekumbuka. Safari ile ya Aprili ilikuwa ya hapo karibu.

Basi tukashauriana upya. Tukaona kwamba helmeti ya taya lisilofunuka ina kioo kinachoinuliwa kwa mkono mmoja. Akisimama na kuinua kioo, macho yake huonekana na sauti hutoka, na hata akisahau kukishusha, taya bado liko mahali pake. Kwa joto, tukakubaliana achague yenye matundu ya hewa kidevuni na utosini, na vitambaa vya ndani vinavyotoka ili vifuliwe. Kwa kiu, atakunywa maji akimngoja abiria. Alikubali, si kwa kuwa nilimshinda, bali kwa kuwa alijijua.

Lakini wasomaji wasidhani nasema helmeti ya kufunuka ni mbaya. Mwalimu wetu anayo, nayo inamfaa. Yeye huvaa miwani, huondoka nyumbani asubuhi na hasimami mpaka afike kwenye lango la shule. Huifunga mara moja, na huifunua mara moja. Kwake yeye komeo ni jambo la kukumbuka mara mbili kwa siku. Kwa kaka lingekuwa jambo la kukumbuka mara 30. Namna ya kazi ya mtu ndiyo ichague namna ya kofia, na kila mtu ajiulize bila kujidanganya: nitakapoanguka, taya la kofia yangu litakuwa wapi?

MASHAURI KWA MNUNUZI

Kwanza, soma kitambaa cha kwenye ukanda kabla ya kutazama rangi. Ikiwa ni ya kufunuka, itafute herufi P. Ukiona NP, iache.

Pili, ijaribu kichwani. Sharti ibane mashavu kidogo, isiumize paji la uso. Funga ukanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, si yako.

Tatu, ikiwa ni ya kufunuka, ifungue na kuifunga mara nyingi pale pale dukani. Sikiliza komeo likilia pande zote mbili, kisha vuta taya kwa nguvu.

Nne, usinunue iliyokwisha kutumika usiyojua habari zake. Povu likibonyea mara moja halirudi, na gamba huweza kuonekana zima huku ndani limekwisha. Kwa sababu hiyo hiyo, kofia iliyopata ajali isivaliwe tena.

Tano, usiisafishe kwa petroli, maana huliyeyusha povu. Maji na sabuni vyatosha.

Sita, funga ukanda kila mara. Kofia isiyofungwa huanguka kabla ya mwenyewe.

Kaka alinunua helmeti yake mwezi wa Septemba. Mama aliishika, akaigonga kwa kidole kwenye taya, akauliza kama ni kweli haifunguki. Kaka akamwambia haifunguki. Mama akasema, "Vema," akaenda zake jikoni.

ZOEZI

1. Kichwa kinaanguka kutoka mita 1.5, na povu la kofia ya bei rahisi linabonyea kwa milimita 10 tu. Nguvu ya pigo ni mara ngapi ya uzito wa kichwa?

2. Kofia moja imeandikwa P/J. Mwenyewe anaendesha taya likiwa juu. Ni sehemu gani ya kichwa chake inayolindwa, na ipi isiyolindwa?

3. Ukienda nyumbani likizoni, mwombe mtu mmoja mwenye pikipiki akuonyeshe kitambaa cha kwenye ukanda wa helmeti yake. Msomeeni pamoja, kisha mweleze maana yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne